Maji Tumeyaona, Watu Je?

Oda iliingia saa sita na robo usiku: maneno 1500, somo la historia ya sanaa, mwisho saa mbili asubuhi. Hizi kazi unazijua, au unamjua mtu anayezifanya. Kuna mwanafunzi mahali ng'ambo ambaye amelipa karo ya kununua shamba huku kwetu, lakini insha zenyewe hana muda nazo. Anamlipa mtu, huyo mtu anamlipa mwenye akaunti, mwenye akaunti ananilipa mimi, na kila mmoja anakata chake kabla ya kupitisha. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Digrii sina, lakini kuna watu kadhaa ambao nimewasaidia kupata zao.

Swali lilikuja na picha moja. Ni mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 1775, kazi ya Mwingereza anayeitwa William Hodges. Unaonyesha maporomoko ya maji kwenye kighuba kinachoitwa Cascade Cove, ndani ya Dusky Bay, kusini-magharibi kabisa mwa New Zealand. Mwanafunzi alitakiwa kueleza jinsi mchoraji alivyoonyesha ukuu wa maumbile. Basi.

Nikaikuza picha. Maji yanashuka kwa hasira kati ya miamba, yamekuwa meupe kama maziwa, na manyunyu yake yamejaza bonde zima. Ndani ya manyunyu kuna upinde wa mvua. Msitu ni mweusi, umelowa, unaweza kuusikia ukidondoka. Halafu chini, mbele kabisa, juu ya mawe, kuna kikundi kidogo cha watu waliovaa majoho, na mmoja amesimama na silaha ndefu mkononi. Nikalisoma swali tena. Hao watu hawakuwemo.

Niliandika nilichoulizwa. Saa mbili kasoro dakika kumi nikatuma, nikalala. Jina lililowekwa juu ya ile insha silijui hadi leo, na langu halikuwekwa popote. Lakini wale watu wa kwenye mawe hawakutoka kichwani. Nikaanza kuwasoma kwa muda wangu na bando langu. Hii ndiyo insha ambayo hakuna mteja aliyeiagiza.

*

Tuanze na mchoraji, maana stori yake pia si ya mtoto wa tajiri.

Hodges alizaliwa London mwaka 1744. Baba yake alikuwa mhunzi. Kulikuwa na shule ya uchoraji ya mtu anayeitwa William Shipley, na Hodges aliingia pale kama kijana wa kutumwa: leta hiki, peleka kile. Wenzake wakichora, yeye anakimbizwa. Akipata nafasi naye anachora. Baadaye mchoraji mkubwa wa mandhari, Richard Wilson, akamchukua awe msaidizi na mwanafunzi wake. Nilipofika hapo nilisimamisha kusoma kidogo, nikachemsha chai. Mtu aliyejifunza akiwa pembeni mwa darasa namfahamu vizuri.

Wilson alikuwa ameishi Italia miaka ya 1750, akarudi na namna ya kuchora iliyopendwa sana Ulaya wakati huo. Mandhari yanapangwa kama jukwaa. Mbali kuna milima na mwanga wa dhahabu, katikati kuna maji, pembeni mti mkubwa au gofu, na mbele unaweka vijitu viwili vitatu. Hivyo vijitu havina stori yao. Kazi yao ni kumwonyesha mtazamaji jinsi mlima ulivyo mkubwa, na kulipa jicho lake mahali pa kuanzia. Hodges aliisoma hiyo kanuni hadi ikaingia mkononi.

Halafu mwaka 1772 bahati ikamwangukia. Kapteni James Cook alikuwa anajiandaa kwa safari yake ya pili ya kuzunguka dunia, kutafuta bara kubwa ambalo wasomi wa Ulaya waliamini liko kusini kabisa. Tajiri mmoja mpenda sayansi, Joseph Banks, alitakiwa kwenda na kundi lake, akiwemo mchoraji maarufu Johann Zoffany. Banks akagombana na wakubwa kuhusu ukubwa wa nafasi yake merikebuni, akajitoa. Zoffany naye hakwenda. Idara ya Jeshi la Majini ikahitaji mchoraji haraka, na Hodges, wakati huo ana miaka 27, akapata kazi. Yaani aliingia kwenye historia kwa sababu watu wakubwa walikosana kuhusu vyumba.

Waliondoka Uingereza Julai 1772 na merikebu mbili, Resolution na Adventure. Januari 17, 1773, walivuka Duara la Antaktiki, kitu ambacho hakuna merikebu inayojulikana iliyowahi kukifanya kabla yao. Ni barafu, ukungu na kamba zilizoganda. Mwezi uliofuata merikebu hizo mbili zikapotezana kwenye ukungu. Resolution ikaendelea peke yake, na ilipoingia Dusky Bay Machi 26, ilikuwa imekaa baharini siku 117 bila kuona nchi kavu hata mara moja.

Fikiria miezi karibu minne ya rangi ya kijivu na nyeupe, halafu ghafla unaingia mahali ambapo milima inasimama wima kutoka baharini, msitu umeshuka hadi kwenye maji, na kila bonde lina kijito kinachoruka. Walifunga merikebu karibu na ufuo hivi kwamba mti ulioinamia maji ukawa daraja lao la kushukia. Wakafyeka kipande cha msitu ili mwanafalaki William Wales asimamishe vyombo vyake na apime nyota. Wakachemsha majani ya miti ya pale wakapika bia. Mvua ilinyesha karibu kila siku, na visubi wakawauma mpaka mikono ikavimba. Walikaa hapo hadi Mei 11.

Ni katika wiki hizo, mwezi wa Aprili, ndipo Cook alipompeleka Hodges kuyaona maporomoko. Cook hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliandika kuhusu urefu wa maji na marundo ya mawe makubwa yaliyokokotwa na mkondo hadi chini, kisha akakiri kwamba mchoro wa Hodges unaeleza mahali pale vizuri kuliko yeye anavyoweza. Kijana mwingine wa safari hiyo, Georg Forster, aliyekuwa na miaka 18 na alikuja kumsaidia baba yake aliyekuwa mwanasayansi, alipanda hadi karibu na maji. Jua lilipopiga manyunyu aliona upinde wa mvua wa mviringo, si ule wa nusu tuliouzoea.

Sasa, kuhusu maji, Hodges hakudanganya. Hapo nitamtetea mbele ya mtu yeyote. Wachoraji wengi wa wakati wake walichora maporomoko wakiwa chumbani, kwa kukumbuka Italia. Kulikuwa na fasheni pia. Edmund Burke alikuwa ametoa kitabu mwaka 1757 akieleza kwamba kitu cha kutisha, ukikitazama ukiwa mahali salama, kinaleta raha ya aina yake, na tangu hapo watu wenye pesa walitaka miamba, dhoruba na maji yanayonguruma ukutani kwao. Lakini Hodges alikuwa amekaa miezi mingi na watu ambao kazi yao ni kupima. Wales anapima joto na nyota, kina Forster wanahesabu mimea na ndege, Cook anapima kina cha kila ghuba. Yeye akaanza kupima mwanga kwa brashi. Mvua inaonekanaje ikiwa mbali? Ukungu unabadilishaje rangi ya msitu? Alibeba rangi za mafuta nje, akachora mbele ya kitu chenyewe, jambo ambalo wachoraji wachache walilifanya miaka hiyo.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda. Hodges alichora mandhari nyingine ya Dusky Bay, ile bandari ndogo walimofunga merikebu, na mti wa daraja unaonekana. Wataalamu walipoupiga mchoro huo eksirei, kumbe chini ya majani yale ya kijani kuna mchoro mwingine: milima ya barafu inayoelea baharini. Aliichora barafu ya Antaktiki akiwa bado na baridi yake mwilini, kisha akapaka msitu juu yake kwenye turubai ileile. Turubai baharini haipatikani dukani, si unajua.

*

Basi turudi kwa wale watu.

Nilichotarajia ni kukuta kwamba Hodges aliwabuni tu, kama vile vijitu vya Italia. Kumbe walikuwepo. Na waliandikwa.

Mapema Aprili, Cook alikuwa anarudi kutoka kuwinda bata pamoja na wenzake, akiwemo Hodges. Wakamsikia mtu akiwaita kutoka kisiwani. Mwanamume alikuwa amesimama kwenye ncha ya mwamba na rungu mkononi. Nyuma yake, kwenye ukingo wa msitu, wanawake wawili, kila mmoja na mkuki. Cook akarusha leso, hakuna aliyeiokota. Akachukua karatasi nyeupe, akashuka juu ya mwamba bila silaha, akamnyooshea. Yule mwanamume alitetemeka waziwazi, lakini hakukimbia. Akaichukua karatasi. Cook akamshika mkono, wakasalimiana pua kwa pua kama Wamaori wanavyosalimiana hadi leo. Kisha wale wanawake wakaja, na mabaharia wengine, wakakaa hapo karibu nusu saa wakiongea, hakuna anayemwelewa mwenzake. Msichana mmoja ndiye aliyeongea zaidi ya wote.

Siku zilizofuata walitembeleana. Hodges akawachora. Walipomwona akifanya hivyo walifurahi, wakampa jina lao wenyewe, neno ambalo kina Forster waliona lina uhusiano na kuchora au kutia alama. Hapo ndipo niliposhtuka. Watu hawa walimtazama mgeni mwenye karatasi, wakaelewa kazi yake ni nini, wakamwita kwa kazi yake.

Siku moja mwanamume yule na msichana wakakubali kupanda merikebuni. Kwanza walikaa ufuoni muda, wakaangalia. Wakaonyeshwa mbuzi na kondoo. Paka waliwapendeza zaidi, ila waliwapapasa kinyumenyume, kutoka mkiani kwenda kichwani, hata baada ya kuonyeshwa njia ya kawaida. Kabla ya kupanda, mwanamume akachukua tawi bichi, akalipiga ubavuni mwa merikebu mara kadhaa huku akitamka maneno ya maombi au hotuba, kisha akalitupa na kuingia. Huyu si mtu aliyeduwaa mbele ya maajabu ya Ulaya. Ni mtu anayeingia nyumba asiyoijua na anafuata utaratibu wa kwao.

Na hakuingia mikono mitupu. Alimpa Cook kipande cha nguo na shoka la jiwe la kijani, lile jiwe ambalo Wamaori wanalithamini mno. Akampa Forster mzee nguo. Na msichana naye alikuwa na kipande chake cha nguo: akampa Hodges. Cook aliandika kwamba hajawahi kuona Wamaori wakitoa zawadi kabla ya kupokea. Yeye naye aliwapa shoka na misumari mirefu, vitu walivyovipenda kuliko vyote. Akaamuru pia joho la kitambaa chekundu lishonwe kwa ajili ya yule mwanamume, na alipolipokea alichomoa rungu lake la mfupa kiunoni akampa Cook.

Maandishi ya safari yanatuonyesha familia hii kisiwani, ufuoni, na merikebuni. Hodges aliporudi London na kuanza kuchora turubai kubwa kwa ajili ya Jeshi la Majini, aliwachukua akawasimamisha mbele ya maporomoko. Jukwaa la Wilson lilihitaji watu mbele, na watu alikuwa nao. Mwanamume aliyetetemeka na bado akanyoosha mkono, msichana aliyeongea bila kuchoka na kumpa zawadi, wote wakawa kipimo cha kumwonyesha Mwingereza jinsi maji yalivyo marefu.

Sitaki kumwonea. Kuna michoro mingine ya Hodges ya safari hiyohiyo, nyuso zilizochorwa kwa chaki nyekundu, na ukizitazama unaona watu: mmoja amechoka, mwingine anamshuku mchoraji, mwingine anajisikia vizuri kutazamwa. Akikaa mita moja na mtu, aliona mtu. Tatizo lilikuja London, kwenye turubai kubwa, ambapo macho ya wanunuzi na ya walimu wake yalikuwa yanamtazama begani. Maji aliyachora kama alivyoyaona. Watu akawachora kama alivyofundishwa.

Na kwenye kitabu mambo yaliharibika zaidi. Simulizi rasmi ya Cook ilitoka mwaka 1777 na picha zilizochongwa kwenye shaba na mafundi ambao hawajawahi kuiona Pasifiki. Katika picha ya kutua kwao kwenye kisiwa kimoja cha Tonga, wenyeji wamevalishwa mashuka ya kukunjwakunjwa kama Wagiriki wa kale, na sura za sanamu. Georg Forster alikasirika. Alikuwepo, aliwaona wale watu, na aliandika wazi kwamba hivyo sivyo walivyokuwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu anamkosoa msanii wa serikali hadharani. Ningempa kazi kwenye jarida lolote.

*

Unaweza kuniambia ni vijitu tu kwenye picha, nitulie. Lakini angalia ramani. Dusky Bay inaitwa hivyo kwa sababu Cook aliipita magharibi mwaka 1770 giza likiingia. Wamaori waliiita Tamatea. Bandari ile ndogo ikapewa jina la luteni wa merikebu, Pickersgill. Maporomoko yakawa Cascade Cove. Na kisiwa walipokutana na ile familia kiliitwa Indian Island, Kisiwa cha Wahindi, kwa sababu mabaharia wa Ulaya wakati huo walimwita mwenyeji wa karibu popote Mhindi. Kila aliyeshuka kwenye merikebu alikuwa na nafasi ya kupata jina kwenye ramani. Wenyeji walipata la watu wengine.

Na nchi ikishachorwa kama mahali penye maji mazuri na watu wachache wa mapambo, wengine watakuja. Cook aliandika kuhusu sili waliojaa pale. Watu wake waliwala nyama, mafuta wakawashia taa, ngozi wakatumia kwenye kamba za matanga. Mwaka 1792 merikebu Britannia ikaacha kundi la wawindaji Dusky Bay kuchukua ngozi za sili. Miongo michache baadaye sili wa pwani ile walikuwa karibu kuisha.

Nilipokuwa nasoma haya nilikumbuka Nyahururu. Nilienda na marafiki, kabla chuo hakijanishinda, kuona maporomoko ya mto Ewaso Narok. Ni mita 74, na jina kwenye vibao vingi bado ni la Thomson, Mskoti Joseph Thomson aliyepita hapo mwaka 1883. Kuna wazee huwa wanakaa pale juu wakiwa wamevaa kienyeji, wanapigwa picha na wageni kwa malipo. Mimi nikajifanya mjanja. Nikainua simu kana kwamba nalenga maji, lakini shosho mmoja alikuwa ndani ya fremu, kwa sababu picha ilikuwa inapendeza zaidi na yeye ndani. Akaniona.

"Kijana, unapiga mimi ama unapiga maji?"

"Maji, shosho."

"Basi nitoke?"

Nikakosa la kusema. Alikuwa anajua kabisa kwamba akitoka, picha yangu imekufa. Nikamlipa mia moja. Akasimama vizuri, akarekebisha kofia yake, nikapiga. Picha hiyo ilipata likes nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Jina lake sikumuuliza.

*

Hodges aliishi miaka 24 baada ya Dusky Bay, na ninadhani alianza kuona kosa lake, polepole.

Mwaka 1780 alikwenda India, akakaa kama miaka mitatu akichora kwa msaada wa gavana Warren Hastings. Kwa hivyo usimfanye mtakatifu. Alikuwa anakula mkate wa dola. Lakini aliporudi alichapisha maandishi, mwaka 1787, kuhusu usanifu wa Wahindi, wa Waislamu na wa Wagothi wa Ulaya. Alisema majengo ya Kigiriki yasifanywe kipimo pekee cha uzuri, kwamba kila watu wanajenga kulingana na hali ya hewa, vifaa na maisha yao. Kumbuka huyu ndiye yule ambaye watu wake wa Tonga walivalishwa mashuka ya Kigiriki. Mwaka huohuo akapokelewa rasmi kwenye Royal Academy. Mtoto wa mhunzi, kijana wa kutumwa, sasa ana kiti mezani.

Angeweza kunyamaza na kuuza mandhari. Badala yake, mwishoni mwa 1794, Uingereza ikiwa vitani na Ufaransa, alifungua maonyesho London yenye michoro miwili mikubwa: mmoja kuhusu matunda ya amani, mwingine kuhusu matokeo ya vita. Ni mandhari ileile, kwanza ikiwa na watu wanaofanya kazi na kula vizuri, halafu ikiwa imeharibiwa. Safari hii watu waliosimama mbele hawakuwa kipimo cha mlima. Wao ndio waliokuwa stori, na mandhari yalikuwa yanaeleza kilichowapata.

Duke wa York, mwana wa mfalme na mwanajeshi, alikuja kutazama. Hakupenda. Alisema msanii hapaswi kufanya kazi za namna hiyo, zinazoweza kugusa fikra za watu wa tabaka la chini. Maonyesho yakafungwa mapema 1795. Hodges akauza kazi zake kwa bei ya kutupa, akaacha kuchora, akaingia ubia wa benki kwenye mji wa bandari wa Dartmouth. Mwaka 1797 benki nyingi ziliyumba kwa hofu ya vita, na yake ikaanguka. Akafa Machi mwaka huo. Mkewe akamfuata miezi michache baadaye, wakaacha watoto.

Nimelifikiria sana neno la huyo Duke. Miaka yote Hodges alipochora maporomoko yenye vijitu, hakuna mkubwa aliyelalamika. Alilipwa, akasifiwa, akapewa cheo. Siku aliyowapa watu wa mbele maisha yao wenyewe ndani ya picha, mlango ukafungwa. Kwa hivyo si kweli kwamba mandhari ni mandhari tu. Wenye nguvu walijua tofauti hiyo vizuri kuliko wanafunzi wa historia ya sanaa wanaoulizwa kuhusu ukuu wa maumbile.

Mchoro wa Cascade Cove leo ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na uko chini ya makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Nauli ya kwenda kuuona sina, na wewe labda huna, lakini upo mtandaoni bure. Ukiufungua, jicho lako litakimbilia maji, maana ndivyo ulivyotengenezwa. Mpe Hodges sifa yake kwa yale maji, anastahili. Halafu shuka chini, kuza pale kwenye mawe. Yule ni mwanamume aliyepiga merikebu kwa tawi bichi kabla ya kuingia. Na mahali fulani kati yao ni msichana aliyempa mchoraji nguo.

Wiki iliyopita nilipata oda nyingine: maneno 2000, mandhari ya Uholanzi, karne ya 17. Nilikubali, kodi ni kodi. Kwenye picha kulikuwa na mtu mmoja mdogo kwenye daraja, amebeba kitu kichwani. Swali halikumtaja. Nilimwekea aya moja hata hivyo. Mteja akarudisha kazi na maelezo kwamba aya ya nne haihusiani na swali, niiondoe.

Niliiondoa huko. Lakini nimeihifadhi.